Artemisia, manjano, mlonge au mshubiri: ekari yako uipe zao lipi?

Mwenye ekari moja au mbili anayefikiria mazao ya dawa huanza kwa kuuliza kilo inauzwa shilingi ngapi. Swali hilo lina nafasi yake, ila liwe la tatu. La kwanza ni wanunuzi wako wangapi na wanapatikana wapi. La pili ni zao likishavunwa lina saa ngapi kabla halijaharibika. Bei ya kilo inabadilika kila msimu. Idadi ya wanunuzi na muda wa kuharibika vinabadilika polepole sana, na ndivyo vinavyoamua nani atapata faida na nani atabaki na magunia sebuleni.

Tumechagua mazao manne ambayo wakulima wa Tanzania na Kenya wanayaulizia zaidi. Takwimu za mavuno ni za shamba linalotunzwa vizuri. Shamba lililoachiwa magugu litoe nusu yake usishangae.

| | Artemisia | Manjano | Mlonge (majani) | Mshubiri (aloe vera) |
|---|---|---|---|---|
| Mavuno ya kwanza | miezi 6–8 tangu kitaluni | miezi 8–9 | siku 60–90, kisha kila siku 35–45 | miezi 18–24 |
| Mavuno kwa ekari | kilo 500–900 za jani kavu | kilo 4,000–8,000 mbichi | hutegemea maji na nafasi | majani 3–4 kwa mmea kila baada ya miezi 3 hivi |
| Kinachopimwa | asilimia ya artemisinini | rangi, kurkumini (kiini cha njano), sumu ya kuvu | rangi, unyevu, vimelea | uzito na ubichi |
| Wanunuzi | kiwanda kimoja au viwili | wengi | wachache hadi wengi | wachache |
| Soko la pili | hakuna | jikoni | mboga, malisho | sabuni na vipodozi |

Mstari wa mwisho ndio tunaoutazama kwanza. Zao la dawa ambalo pia ni chakula lina mlango wa kutokea. Mnunuzi wa kusafirisha nje akiingia mitini, manjano yako yatakwenda sokoni Kariakoo au Kongowea kwa bei ya chini kidogo. Artemisia haina pa kwenda.

Artemisia: zao la kiwanda

Huu ndio mmea unaotoa artemisinini, kiungo cha dawa mseto za malaria. Mwanasayansi wa China Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua dawa hiyo. Nchi za Afrika zilipoanza kuachana na SP, dawa ya malaria ya zamani, na kuhamia dawa mseto katikati ya miaka ya 2000, mahitaji yalipanda ghafla, na kilo ya artemisinini ikavuka dola 1,000 mwaka 2005. Wakulima wa China, Vietnam na Afrika Mashariki wakapanda kwa wingi. Kufikia 2007 bei ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 200, na wengi wakang'oa. Upungufu ukarudi, bei ikapanda tena 2011, kisha ikashuka tena. Mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ilianza kuzalisha artemisinini kwa kutumia hamira iliyobadilishwa vinasaba, katika kiwanda chake cha Garessio, Italia. Haikuua kilimo, kwa sababu ya mmea ikawa rahisi kuliko ya kiwandani, lakini mnunuzi alipata pa kukimbilia jani likipanda bei kupita kiasi.

Bei hii inayumba kwa sababu iliyo wazi: tangu mbegu iingie kitaluni hadi kidonge kifike zahanati hupita zaidi ya mwaka. Wanaoagiza dawa wanakisia mahitaji, mkulima anapanda kwa bei ya jana, na mavuno yote yanafika siku moja.

Sasa hesabu. Chukua ekari inayotoa kilo 800 za jani kavu lenye artemisinini asilimia 0.8. Ndani yake mna kilo 6.4 za dawa. Kiwanda hakichuji yote; tukisema kinatoa robo tatu, zinapatikana kilo 4.8. Kwa dola 250 kwa kilo, ekari nzima ina thamani ya dola 1,200, sawa na dola 1.50 kwa kila kilo ya jani. Hiyo ndiyo dari, bei ambayo jani haliwezi kuivuka. Hapo kiwanda bado hakijalipia kemikali za kuchujia, umeme, usafiri wala faida yake, kwa hiyo mkulima anapata sehemu tu ya hiyo dola na nusu. Jani likiwa na asilimia 0.5, dari inashuka hadi senti 94. Dawa ikipanda hadi dola 900, dari ya jani la asilimia 0.8 inafika dola 5.40. Mtu akikuahidi bei ya jani iliyo juu ya dari ya siku hiyo, muulize hela atazitoa wapi.

Asilimia hiyo inaanzia kwenye mbegu. Artemisia huchanua siku zinapokuwa fupi. Huku kwetu karibu na ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mbegu isiyofaa huchanua ikiwa bado fupi na majani yanakuwa haba. Zinazofaa ni aina zinazochelewa kuchanua, na maeneo ya mwinuko wa mita 1,000 na kuendelea. Ndiyo maana zao lilishika Arusha, nyanda za juu za Kenya na Kabale, Uganda. Mbegu chotara ukiichukua shambani mwako na kuipanda tena, mimea inatoka mchanganyiko na asilimia inashuka. Anayeuza "mbegu za kienyeji" kwa bei poa anakuuzia hasara ya miezi saba.

Gramu moja ina mbegu zaidi ya 10,000. Changanya na mchanga mkavu mlaini, nyunyiza juu ya kitalu kilichosawazishwa na usifukie, kwa kuwa inahitaji mwanga ili iote. Mwagilia kwa bomba la kupuliza. Ndoo yenye matundu makubwa itazisomba zote pembeni. Wiki sita hadi nane baadaye, miche ikiwa na sentimita 10 hadi 15, hamishia shambani kwa mita 1 kwa 1, yaani miche 4,000 hivi kwa ekari. Palilia mara mbili mapema. Ukichelewa palizi ya kwanza, magugu yanaimeza miche.

Vuna pale vichomozi vya maua vinapoanza kuonekana. Ukisubiri maua yafunguke, artemisinini inapungua kila siku. Kata mashina, yaanike kivulini juu ya turubai, pukuta majani kwa fimbo, kisha chekecha, kwa maana shina halina dawa ya maana na linakushushia asilimia ya gunia zima. Jani lililokauka linavunjikavunjika likisuguliwa kiganjani. Likijikunja bado lina maji na litaota ukungu ghalani. Wapukutaji wavae barakoa, vumbi lake linawasha vibaya.

Kuna wanaodhani kiwanda kikigoma watauza majani ya chai ya malaria. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi ya artemisia kama chai au unga kutibu malaria, kwa sababu kipimo hakitabiriki na kinaweza kuchochea usugu wa vimelea. Usiweke mpango wako wa biashara juu ya hilo.

Manjano: mlango mpana, kazi nyingi

Manjano, wengine husema binzari, yanapenda joto, mvua ya kutosha na kivuli chepesi. Ndiyo maana yanakaa vizuri chini ya minazi, migomba na mikarafuu Muheza, Morogoro Vijijini na Unguja bila kuhitaji ekari yake peke yake. Hilo peke yake linabadilisha hesabu: ardhi tayari inalipwa na zao jingine.

Gharama kubwa ni vipando. Ekari inahitaji kilo 800 hadi 1,000 za matunguu yenye macho. Ukivuna kilo 5,000 na ukatenga 900 za msimu ujao, umekwisha kutoa karibu asilimia 18 ya mavuno kabla ya kuuza hata debe moja. Wengi wanapiga hesabu ya kilo 5,000 zote kama za kuuza, halafu msimu wa pili wanakopa vipando. Panda kwa sentimita 30 kwa 25, kina cha sentimita 5, juu ya matuta pale maji yanapotuama. Maji yakisimama siku chache tu matunguu yanaoza na harufu utaisikia kabla ya kuona.

Uamuzi wa pesa unakuja baada ya kuvuna: uuze mbichi au makavu? Kilo tano mbichi zinatoa kilo moja kavu. Kanuni ni hii: zidisha bei ya mbichi kwa tano, ongeza kuni, maji na vibarua kwa kila kilo kavu. Bei ya kavu isipozidi hapo, uza mbichi. Mbichi ikiwa shilingi 1,000, kavu iliyo chini ya 5,000 ni hasara hata kabla ya kuni. Kipindi cha mavuno, mbichi inaposhuka kwa sababu kila mtu amechimba, ndipo kukausha kunapolipa.

Kukausha kwenyewe kuna hatua zake. Chemsha ndani ya siku mbili au tatu baada ya kuchimba. Tenganisha tunguu mama na vidole, kwa sababu mama yanachelewa kuiva. Maji yafunike matunguu, yachemke dakika 45 hadi 60, mpaka kijiti kipenye bila kusukumwa. Yakizidi kuiva rangi inafifia. Yakiwa mabichi ndani yanakauka bila kulingana na kuvunjika hovyo. Anika kwenye kichanja siku 10 hadi 15, usiku funika yasipigwe na umande. Chukua kidole kimoja ukivunje: kikikatika kwa mlio mkali kama wa chuma, kimefika unyevu wa asilimia 10 hivi. Kikipinda kwanza, kirudishe juani.

Ukianika chini kwenye udongo, au ukifunga gunia kabla halijakauka, unakaribisha kuvu wenye sumu ya aflatoksini. Umoja wa Ulaya unaruhusu mikrogramu 5 tu za aflatoksini B1 kwa kilo ya manjano, na 10 kwa jumla ya aflatoksini zote. Mzigo ukizidi hapo unakataliwa bandarini, na anayebeba gharama ni aliyeandikwa kwenye mkataba. Jambo jingine: usikubali dalali akushauri kuongeza "rangi" kwenye unga. Kromati ya risasi imeshakutwa kwenye manjano ya Bangladesh, ni sumu ya ubongo kwa watoto, na wanunuzi wa nje sasa wanapima risasi.

Mlonge: tatizo liko kwenye kichanja

Kupanda mlonge ni kazi ndogo. Kilo 3 za mbegu zinatosha ekari ya miti 8,000 kwa nafasi ya mita 1 kwa nusu. Mti wenyewe unavumilia ukame, ila hauvumilii maji kutuama, na mchwa wanaumaliza ukiwa mchanga. Kata vichwa mapema utoe matawi mengi, na baada ya hapo vuna kila siku 35 hadi 45.

Anayeharibikiwa huharibikiwa kwenye ukaushaji. Majani ya mlonge yakilundikwa hata saa chache yanapata joto yenyewe na kuwa meusi. Yanatakiwa yaoshwe, yachujwe maji, na yatandazwe kivulini siku ileile, yasizidi kilo moja kwa mita moja ya mraba. Sasa piga hesabu: miti 8,000, kila mmoja ukitoa gramu 200 za majani yaliyochambuliwa, ni kilo 1,600. Ukivuna kwa siku moja unahitaji mita za mraba 1,600 za kichanja, eneo la karibu asilimia 40 ya ekari yenyewe. Hakuna mwenye banda hilo. Dawa yake ni kugawa shamba vipande 40 na kukata miti 200 kila siku: kilo 40 za majani, mita 40 za kichanja, na kwa kuwa kukausha kivulini kunachukua hadi siku nne, jenga mita 160. Kilo 40 mbichi zinatoa takriban kilo 7 za unga. Hiyo ndiyo mashine yako: kilo saba kwa siku, kila siku, mradi maji yapo. Bila umwagiliaji kiangazi kitakukatia karibu nusu ya mwaka.

Juani majani yanakauka haraka lakini yanageuka rangi ya nyasi na kupoteza vitamini A, na mnunuzi wa nje anahukumu kwa jicho kabla ya maabara. Unga ufike unyevu chini ya asilimia 10 na ufungwe kwenye mfuko usiopitisha mwanga. Kuku wakipita chini ya kichanja, vimelea vya salmonela vitaonekana kwenye majibu ya maabara.

Tanzania, unga ukiuzwa kama chakula unapita TBS, shirika la viwango. Ukiandika kwenye lebo kwamba unatibu kisukari, umehamia kwenye dawa, na huko kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala pamoja na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Lebo moja isiyo na madai inakuokolea pesa na miezi.

Mshubiri: unasafirisha maji

Tutasema machache, kwa sababu kwa wakulima wengi jibu ni hapana. Jani la aloe vera ni maji kwa zaidi ya asilimia 95. Mimea 4,000 ikitoa majani matatu ya gramu 400, unavuna kilo 4,800, na ute wake unaanza kuharibika saa chache baada ya kukatwa. Pasipo kiwanda karibu, nauli inakula kila kitu. Soko la utomvu mchungu nalo lilibanwa: Marekani iliuondoa mwaka 2002 kwenye dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti cha daktari.

Angalizo kwa wa Kenya na Tanzania: mishubiri yote iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, isipokuwa aloe vera yenyewe. Kusafirisha nje ya nchi bidhaa za mshubiri wa aina ya porini bila kibali ni kosa hata kama umeuotesha shambani kwako.

Wanaofaidi mshubiri mara nyingi ni wauza miche. Mtu akikuuzia mche kwa bei kali huku akiahidi kununua majani "yakikomaa", faida yake ameshaipata siku hiyo. Kenya inakumbuka wimbi la biashara ya mayai ya kware la 2013 na 2014: waliouza vifaranga walicheka, waliokuja mwisho walikula ndege wao.

Bei yako ya chini kabisa

Kwa zao lolote gawa gharama zote kwa kilo unazotegemea kuuza, na utumie mavuno ya chini. Mfano: ekari ya artemisia imekugharimu shilingi 1,400,000 za Tanzania pamoja na kodi ya shamba na siku zako mwenyewe za kazi. Kwa kilo 800 kila kilo imekugharimu 1,750. Kwa kilo 500 ni 2,800. Mkataba ukisema 2,000, unapata faida mwaka mzuri na kula hasara mwaka wa mvua mbaya. Siku zako ziingize kwa ujira wa kibarua wa kijijini kwenu, vinginevyo zao litaonekana linalipa wakati unalilipa wewe.

Kilimo hai kinaongeza bei kwa manjano na mlonge, hasa mkijiunga kikundi kugawana gharama ya ukaguzi. Soko la Ulaya linadai kipindi cha mpito cha miaka miwili kabla ya kupanda mazao ya msimu, na mitatu kabla ya kuvuna ya kudumu. Artemisia inayokwenda kuchujwa kwa kemikali haipati nyongeza hiyo.

Kwenye mkataba tazama haya

Sampuli ichukuliwe juu, katikati na chini ya gunia, mbele yako. Vumbi hukaa chini, majani juu, na anayechota upande mmoja anajua anachokifanya. Igawanywe mifuko mitatu yenye lakiri: mnunuzi, wewe, na mmoja unaokwenda maabara nyingine mkibishana. Iandikwe bei ya kila daraja la asilimia, si "bei nzuri kulingana na ubora". Iandikwe sarafu, siku za malipo baada ya mzani, na nani anabeba mzigo uliokataliwa. Mkopo wa mbegu na mbolea uwe na bei iliyotajwa, kwa sababu humo ndimo makato huongezeka kimyakimya.

Basi uchague lipi

Una minazi au migomba na mvua ya kutosha: manjano, bila kusita sana. Anza robo ekari kwa kilo 220 za vipando, na uongeze kwa vipando vyako.

Una maji ya kumwagilia, watu wa kazi kila asubuhi na mnunuzi wa unga aliyeshaona sampuli: mlonge. Jenga kichanja kwanza, panda baadaye.

Uko nyanda za juu na kiwanda kinanunua sasa hivi, kwa mkataba, kwa mbegu yake: artemisia kwa sehemu ya shamba, isizidi theluthi. Nyingine iachie mahindi, viazi au maharage.

Uko karibu na kiwanda cha vipodozi kinachopokea majani mabichi ya mshubiri kwa ratiba iliyoandikwa: robo ekari ya majaribio. Kama hakipo, mimea kumi ya uani inatosha kwa kuungua jikoni.

Zao lolote utakalochukua, peleka gramu 500 za mavuno ya kwanza maabara kwa gharama yako kabla ya kuvuna eneo lote. Majibu yakiwa mabaya bado una muda wa kurekebisha ukaushaji, na yakiwa mazuri unakwenda kwa mnunuzi na karatasi mkononi.